Tekken 4 ilihukumiwa kwa kosa lisilo lake

Pedi_ya_Katwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, hapa Kampala ukitaja Tekken 4, ile gemu ya kupigana ya Namco, jibu ni lilelile: sakafu za mabonde ziliharibu gemu. Mimi nasema sakafu zimesingiziwa. Walioiangusha ni mhusika mmoja, Jin Kazama, na uchache wa watu wa kuchagua. Mnivumilie, ni ndefu.

Kwa wadogo zetu mlioanzia Tekken 7: Tekken 3 ilitoka kwenye mashine za kumbi mwaka 1997, ikaingia PlayStation ya kwanza mwaka 1998. Wengi wetu ndiyo iliyotufundisha kushika pedi. Uwanja wake haukuwa na mwisho. Ukizidiwa unarudi nyuma, unaendelea kurudi, mwenzako anakufuata, hakuna kinachokuzuia. Kisha ikaja Tekken Tag Tournament kwenye PlayStation 2, watu zaidi ya 30, unachagua wawili wawili, hadi waliokwisha kufa kwenye hadithi wamo. Kwa hiyo Tekken 4 ilipofika, kumbini mwaka 2001 na PlayStation 2 mwaka 2002, ilikuwa inafuata gemu mbili zilizopendwa mno, na Namco wakaamua kutorudia hata moja.

Waliweka kuta. Leo kuta ni kitu cha kawaida, lakini wakati ule ilikuwa kama kubadilisha sheria za ludo katikati ya mchezo. Mtu aliyezoea kukimbia kinyumenyume akajikuta mgongo umegota. Ukimbana mwenzako ukutani unapata mapigo ya ziada, na yeye lazima awe na akili ya kujinasua. Ndiyo maana wakaongeza namna ya kumshika mtu na kubadilishana naye nafasi: unamkamata, humwangushi, unamgeuza tu, sasa yeye ndiye aliye ukutani. Hata kabla raundi haijaanza uliruhusiwa kutembea, ukajipangia umbali unaoutaka. Viwanja vyenyewe vilikuwa na sura ya mahali watu wanapokaa: uwanja wa ndege, maegesho ya magari, jengo la maduka, barabara ya Shinjuku. Kuna nguzo, kuna vitu vinavyovunjika.

Sasa sakafu. Ndiyo, viwanja vingine vina miinuko. Ukimrusha mtu hewani halafu mmoja wenu yuko mteremkoni, kombo (mapigo ya mfululizo) uliyoikariri inaweza kupoteza pigo la mwisho, au ikapata nafasi ya pigo jingine ambalo kwenye sakafu bapa lisingefika. Watu wanaiita bahati nasibu. Mimi naiita kuangalia unapokanyaga. Aliyekariri analalamika, anayetazama anafaidi.

Jin ndiye kidonda. Kwenye hadithi amekataa mitindo ya familia yake, kina Mishima, akaenda Brisbane, Australia, akajifunza karate upya. Wazo zuri, na lile koti lake la kofia limekuwa picha yake hadi leo. Lakini mikononi mwa mchezaji aliyemjua, Jin alikuwa na jibu la kila swali: pigo la haraka, pigo la kurusha, kinga inayogeuza shambulio lako likurudie mwenyewe, na zile ngumi zake tatu za mfululizo ambazo ukizibonyeza kwa wakati sahihi kabisa zinakuwa balaa jingine. Wengine wote walikuwa wanatafuta nafasi ya pili.

Sasa mweke Jin huyo kwenye kibanda chetu. Unalipa kwa mechi, anayeshinda anabaki. Kijana anayemjua Jin anakaa pale mchana kutwa, benchi linapiga kelele "Mukube! Mukube!" (mpige!) na hakuna anayemkuba. Mwenye kibanda mwanzoni anachekelea, kila anayepigwa anatoa mia tano nyingine. Baada ya wiki chache benchi limehama, watu wako kibanda cha pili wanacheza Tekken 3 kwenye PlayStation kuukuu yenye pedi iliyokufa kitufe cha R1. Hapo ndipo Tekken 4 ilipofia, na alipotafutwa wa kulaumiwa wakasema "zile sakafu".

Nakaribisha mawe.

---

Nakivale_Numéro10

Yambo wote. Ndugu yangu wa Katwe, umeandika vizuri lakini umeruka dhambi kubwa. Eddy wapi?

Miye nimekulia hapa Nakivale, na kwa vijana wa kambi yetu Tekken ilikuwa Eddy. Hakuna mwingine. Mtu hajawahi kushika pedi maisha yake yote, unamwambia "bonyeza teke tu, zote mbili", na anaona yule mtu wa Brazil anazunguka kichwa chini miguu juu, anamwangusha mjuzi wa miaka mingi. Kibanda kizima kinalia kwa kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa inaleta watu wapya.

Tekken 4 unaweka diski, unatafuta Eddy, unakuta binti. Christie Monteiro. Wakakuambia ni mjukuu wa mwalimu aliyemfundisha Eddy capoeira, anamtafuta Eddy. Sawa, bon, lakini hata sisi tunamtafuta! Na baadaye tunaambiwa yumo, ila amekuwa nguo ya pili ya Christie. Mtu mzima wa heshima yake amegeuzwa vazi.

Roboti Jack naye hayupo. Wametuletea Combot, roboti wa mapigo ya kuazima kwa wengine. Anna hayupo. Ogre hayupo. Jun hayupo. Baada ya Tag ambayo ilijaa kama soko, hii ilikuwa inaonekana kama wageni wameshaondoka.

---

Pedi_ya_Katwe

@Nakivale_Numéro10 Ndugu, hapo tuko pamoja, nilisema uchache wa watu ndio nusu ya kesi. Ila Ogre alikufa Tekken 3 na Jun alitoweka kabla yake. Tag ilikuwa sherehe tu, nje ya hadithi. Huwezi kuwadai waliokufa.

Na waliokuja wapya walikuwa na uzito. Steve Fox ni bondia Mwingereza asiyepiga teke hata moja. Kwenye gemu ambayo vitufe viwili kati ya vinne ni vya miguu! Vitufe vyake vya miguu wakavifanya vya kuyumbisha mwili na kukwepa. Mtu akikurushia ngumi kichwani, Steve ameinama, ameshakurudishia mbavuni. Nani mwingine alikuwa amethubutu hilo?

---

Dada_wa_Malaba

Jamani hodi, naona wanaume wamejaa humu. Mimi nilicheza na kaka zangu pale nyumbani, na mnachokisahau nyote ni hadithi. Hakuna Tekken iliyosimulia watu wake kama hii.

Kila mtu alikuwa na utangulizi wake wa picha zilizochorwa, sauti inasimulia taratibu, halafu mwisho wake. Chukueni huyohuyo Steve. Nina Williams anatumwa kumuua. Baadaye inajulikana kwamba Steve ni mwanawe, aliyetokana na majaribio aliyofanyiwa Nina alipokuwa amegandishwa usingizini kwa miaka. Mama ametumwa kumuua mtoto ambaye hajui kama alimzaa. Kwenye gemu ya ngumi! Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa haruki hata sekunde moja ya mapigano, alikaa kimya akasikiliza.

King na Marduk je? Marduk amemuua Armor King, mwalimu wake King, kwenye ugomvi wa baa, amefungwa. King mwenyewe ndiye anayetoa pesa kwa siri ili Marduk aachiliwe, kusudi akutane naye ulingoni. Anamshinda, anamfuata hospitalini ammalize, anaona picha ya wazazi wa Marduk pembeni ya kitanda, anashindwa. Anaondoka. Pale hakuna pepo wala mtu mwenye mabawa, ni kisasi cha kawaida kinachoweza kutokea hata hapa mpakani.

Na Kazuya, baba yake Jin, kurudi. Tangu Tekken 2 tulijua Heihachi, baba yake mwenyewe, amemtupa volkeno. Miaka 20 baadaye yuko hai, kampuni ya G Corporation imemfufua, babu, baba na mjukuu wanakutana kwenye hekalu la Hon-Maru. Tekken 5 inaanzia palepale usiku uleule, maroboti wa Jack-4 wanavamia. Bila Tekken 4 hadithi yote iliyofuata haina miguu.

Kitu kimoja tu sitawasamehe: Heihachi kwenye pambano la mwisho amevaa kile kitambaa cha kiunoni. Mama alikuwa anapita sebuleni.

---

Bombo_Raundi_ya_Tatu

Hahaha dada, kile kitambaa! Kwetu mzee alizima TV.

---

Mtanzania_Kansanga

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi hapa Kansanga, natokea Bukoba, naomba kupinga kwa heshima.

Mwanzisha uzi anazungumza kana kwamba Namco walikuwa wa kwanza kujaribu sakafu za miinuko. Sega walishafanya hivyo kwenye gemu yao ya kupigana, Virtua Fighter 3, mwaka 1996. Miteremko, ngazi, mapaa. Halafu Virtua Fighter 4 mwaka 2001 wakairudisha sakafu bapa. Mwaka huohuo ambao Tekken 4 inaingia kumbini na mabonde yake! Yaani mshindani wako ameshalijaribu wazo, ameshaliacha, wewe ndiyo unaliokota.

Na Tekken 5 ilipokuja, mwishoni mwa 2004 kumbini na 2005 kwenye PlayStation 2, walifanya nini? Kuta wakabakisha. Miinuko wakafuta. Hadi Tekken 8 haijarudi. Kama kosa lilikuwa Jin peke yake, wangemdhoofisha Jin na kuacha sakafu. Waliotengeneza gemu wameshatoa hukumu, sisi tunakata rufaa ya nini?

Tena tazama Tekken 5 ya PlayStation 2: ndani yake waliweka Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu za kumbini, bure, kama kumbukumbu ya miaka kumi. Ya nne hawakuiweka.

---

Pedi_ya_Katwe

@Mtanzania_Kansanga Marahaba mdogo wangu, umepiga pigo zuri. La Virtua Fighter ni kweli kabisa. Lakini hebu tulitazame vizuri.

Kwanza, ya nne kutokuwekwa kwenye ile diski si hukumu. Ilikuwa ni gemu ya PlayStation 2 iliyokuwa bado inauzwa. Nani aigawe bure?

Pili, kufutwa kwa sakafu. Walifuta, ndiyo. Tulipata nini badala yake? Sakafu bapa inamaanisha kombo haibadiliki popote ulipo. Ukiikariri nyumbani, inafanya kazi popote. Tekken 6 ikaongeza lile pigo la kumgongesha mtu chini arudi hewani tena, kombo zikarefuka mara nyingine. Leo mtu akikurusha unaweza kuweka pedi chini, ukachukua rolex yako (chapati ya mayai) ukala, ukirudi bado uko hewani. Kwenye Tekken 4 kombo zilikuwa fupi na uwanja ulikuwa unazikatizakatiza. Mapigano yalikuwa ni ya miguu: nani anakwepa upande, nani anajua ukuta uko wapi, nani anamgeuza mwenzake.

Siku hizi watu wanalia kwamba Tekken imekuwa kukariri, kisha haohao wanaicheka gemu pekee iliyojaribu kupinga kukariri.

Na hilo la Jin: Tekken 5 hawakumdhoofisha kidogo, walimvunjavunja. Zile mbinu zake za zamani za Mishima wakampa mtu mwingine kabisa, Devil Jin, Jin wa kawaida wakamjenga upya. Huwezi kuniambia hawakujua kidonda kiko wapi.

---

Mtanzania_Kansanga

Kaka, unatetea sakafu kama vile ulizijenga wewe. Mimi hoja yangu ni kwamba mchezo wa ushindani unataka usawa. Mimi nikikurusha na wewe ukinirusha kwa pigo lilelile, kila mmoja apate adhabu ileile. Sakafu ya mteremko inamfaidi aliyesimama juu, na nani asimame juu mara nyingi ni suala la raundi imeanza vipi na mlisukumana vipi. Kuta ni tofauti: ukuta unauona, unajua ukifika pale utaumia. Mwinuko wa nusu futi msituni, gizani, kwenye TV ya inchi 14 ya kibandani, nani anauona?

---

Bombo_Raundi_ya_Tatu

Hilo la TV ya inchi 14 ni kweli tupu. Na rangi zenyewe za Tekken 4 zilikuwa za majonzi, kijivu, kahawia. Kwenye ile TV yetu nusu ya uwanja ulikuwa kivuli. Tekken 3 ilikuwa inang'aa hata umeme ukiwa hafifu.

---

Nakivale_Numéro10

Na muziki? Miye muziki wa Tekken 4 niko naupenda kuliko zote. Ule wa uwanja wa ndege. Lakini kibandani ni nani anasikia muziki, jenereta liko mlangoni.

---

Dada_wa_Malaba

Kaka wa Kansanga ana hoja lakini anasahau kwamba gemu haikuwa ya kibandani tu. Toleo la nyumbani lilikuwa na Tekken Force: unatembea kwenye jukwaa, unawapiga askari wa Heihachi kundi kwa kundi. Ilikuwa nyuma ya bega la mtu wako, si ya pembeni kama Tekken 3.

Nisiseme uongo, ilikuwa inachosha. Askari walewale, unageuka unapigwa mgongoni na mtu usiyemwona. Tuliimaliza mara moja tukaiacha. Tekken Ball ya Tekken 3, ile ya kupiga mpira, iliondolewa, na hiyo nyumbani kwetu ilikuwa ni msiba, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa haruhusiwi kupigana ila mpira anaruhusiwa.

---

Kizazi_cha_PS5

Wazee wangu, mnanifurahisha. Mimi Tekken 4 nimeicheza kwenye kompyuta ya rafiki, ikiwa imeshazeeka. Niwaulize: mmeona yaliyotokea Tekken 8?

Ilitoka Januari 2024, watu 32 tangu siku ya kwanza, picha kali, mtandao mzuri kuliko Tekken 7. Aprili 2025 wakaleta msimu wa pili, wakabadilisha mapigo ya karibu kila mtu, wote wakawa washambuliaji, kujikinga kukawa hakulipi. Wachezaji duniani kote wakawaka, hadi wataalamu wa mashindano. Ndani ya mwezi uleule watengenezaji wakaanza kutoa marekebisho.

Ndio ninaloliona: kizazi chenu mlipewa diski yenye Jin yule, basi. Jin alibaki vilevile hadi gemu inayofuata. Sisi Jin wetu angerekebishwa kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo labda Tekken 4 ingekuwa na marekebisho ya mtandao leo mngekuwa mnaisifu.

Tatizo letu ni jingine: marekebisho ni gigabaiti juu ya gigabaiti. Kwa bei ya data hapa Uganda mtu anaweza kumaliza bando la mwezi kwa sasisho moja, kesho yake mapigo uliyokariri yamebadilishwa. Wahusika wapya wananunuliwa, mavazi yananunuliwa. Ila walimtangaza Miary Zo, binti wa Madagascar. Hatimaye mtu wa pande zetu za bahari, baada ya gemu nane!

---

Pedi_ya_Katwe

@Kizazi_cha_PS5 Umesema jambo ambalo nilikuwa nalizungukia. Wazo na utekelezaji ni vitu viwili. Tekken 4 ilikuwa na mawazo mengi kuliko Tekken yoyote, na utekelezaji uliokuwa haujapikwa ukaiva. Tekken 5 nayo ilitoka na watu walioelemea upande mmoja, Steve, Nina na Bryan walikuwa wanatesa, ikabidi waje na toleo jipya, Dark Resurrection, kusawazisha. Tofauti ni kwamba Tekken 5 ilipewa nafasi ya pili, na Tekken 4 nyumbani haikuipata.

Sisi pale Katwe tulijipa hiyo nafasi wenyewe. Kibanda kimoja kilikuwa na sheria: Jin hachaguliwi. Ukimchagua, mechi haihesabiwi na hela yako imeliwa. Nawaambia, gemu ilibadilika. Law akaonekana, Hwoarang akaonekana, kuna jamaa wa Paul ambaye alikuwa anaogopwa hadi Nsambya. Watu walianza kubishana kuhusu viwanja: huyu anataka maegesho kwa sababu ya kuta, yule anakataa. Sijawahi kuona watu wakibishana juu ya kiwanja kwenye Tekken 3.

---

Mtanzania_Kansanga

Na Steve aliruhusiwa?

---

Pedi_ya_Katwe

Steve aliruhusiwa.

---

Mtanzania_Kansanga

Basi kaka hamkurekebisha kitu, mmemhamisha tu mfalme. Mjuzi wa Steve pale angekaa mchana kutwa vilevile.

---

Bombo_Raundi_ya_Tatu

Alikaa. Alikuwa ni huyuhuyu mwanzisha uzi, nilikuwepo, mia tano zangu nyingi ziko kwake.

---

Pedi_ya_Katwe

Afande wa Bombo, wewe ulikuwa unachukua Kuma kila mechi. Dubu mzima hapiti hata mlangoni, unataka ashinde ndondi? Njoo Jumamosi, diski bado ninayo, Steve naye tunamfungia nje. Kansanga, na wewe uje, uchague kiwanja chochote unachotaka, hata kile cha msituni.

---

Mtanzania_Kansanga

Nakuja. Nachukua uwanja wa Arena. Bapa.